Baba Alikuwa Akimwita Mama

Kahonzi Kazungu alishona sare za mahujaji wote wa jumuiya yake kabla ya kujishonea yeye. Kitambaa kilikuwa cha buluu chenye maua meupe pembeni, na kwa wiki nzima chumba chake cha kazi pale Kibarani, mjini Kilifi, kilijaa vipande kila upande hata mumewe Njoroge akawa anaviokota kwenye sahani ya chakula. Gauni lake alilimaliza mwisho, Jumatano alasiri. Akalijaribu mbele ya kioo, akalivua, akalikunja, akalitia kwenye begi pamoja na raba, leso na rozari. Mahujaji walikuwa waondoke Ijumaa alfajiri kwa miguu, wapite Tezo na vijiji vya barabarani, mpaka kwenye kanisa dogo la Bikira Maria lililoko upande wa Malindi.

Kwa wengine safari ile ni ibada na starehe kidogo pia. Wanaimba, wanataniana, wanalala madarasani, wanakandana miguu kwa mafuta ya nazi. Kwa Kahonzi ilikuwa nadhiri. Binti yake Hope, akiwa darasa la pili, aliugua homa ya uti wa mgongo akalazwa hajitambui. Kahonzi alipiga magoti kando ya kitanda akasema kwa sauti, wauguzi wakisikia, "Mama Maria, nirudishie huyu, nami nitakuja kwako kwa miguu yangu." Hope alipona. Alibaki na sikio moja lisilosikia vizuri, basi. Lakini mwaka uliofuata Kahonzi alikuwa na mimba, ikaharibika. Kisha ikaja korona, hija ikafutwa. Halafu Njoroge, ambaye ni fundi wa mapaa, akaanguka kazini akavunjika mguu. Kila mahujaji walipoondoka bila yeye, Kahonzi alimtazama Hope kwa hofu. Mtoto akikohoa tu, moyo unamruka. Hakumwambia mtu. Aliona aibu kuogopa jambo ambalo pengine padri angelicheka.

Alhamisi asubuhi simu ililia. Alikuwa Kanze, mjane aliyekaa jirani na baba yake huko Kakuyuni. Kanze si mtu wa kupiga simu ovyo.

"Kahonzi, uko wapi?"

"Niko nyumbani, dada. Salama huko?"

"Si salama. Njoo umchukue baba yako."

"Anaumwa?"

Sauti ya Kanze ilikuwa imeshuka kama ya mtu aliyesimamiwa nyuma. "Njoo leo. Njoo mchana huu, jua likiwa juu. Usingoje jioni. Na usimwambie Sanga kwamba mimi nimekupigia."

Sanga alikuwa ndugu yake wa pekee, mdogo wake, na ndiye aliyekaa na mzee.

Njoroge alipoambiwa aliweka chini kikombe cha chai. "Nenda umwone," alisema. "Ukimpata mzima, utarudi na kesho utembee. Ukimpata mgonjwa, si umlete tu hapa?"

"Na hija?"

"Hija si itakuwako hata mwaka ujao?"

Hope alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule, anasubiri kuagwa. Kahonzi alimtazama, akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Alimpigia Everlyne, mwenyekiti wa mahujaji. Everlyne hakumlaumu. "Nenda kwa mzazi wako, dada. Mungu anakujua uko wapi," alimwambia. Kahonzi alishukuru, lakini ile hofu haikutoka. Begi aliliacha pale pale mlangoni, akajiambia kwamba hajaahirisha kitu bado.

Kutoka Malindi alichukua bodaboda. Kijana aliyemchukua alikuwa mchangamfu, akimwuliza hili na lile, mpaka walipokaribia Kakuyuni na Kahonzi akasema anakwenda kwa Mzee Kazungu. Kijana alikatisha maneno. Walipofika njia panda ya lami na barabara ya vumbi, akazima pikipiki.

"Nitakushushia hapa, mama."

"Lakini si hapa. Ni mbele, kupita ile mikorosho."

"Najua ni wapi," alisema, akageuza pikipiki.

Njia ile Kahonzi aliijua tangu anatambaa. Alimkuta mama mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu mama yake, akamwamkia, "Shikamoo, mama." Mama yule akaitikia huku amegeuza uso upande wa shamba, akazidisha mwendo. Mbele yake wanaume wawili waliokuwa wakipasua kuni waliacha kazi wakamtazama akipita, wala hawakurudi kupasua mpaka alipokuwa mbali. Aliisikia tena sauti ya shoka nyuma yake, akajikuta anakimbia kidogo.

Kanze alimvuta ndani ya jiko lake, akarudisha mlango.

"Unajua baba yako anasahau," alianza.

Kahonzi alijua. Mwezi wa kwanza alipokuja kumwona, mzee alimwuliza kama amemwacha mama yake sokoni, na mama yake alikuwa amekufa tangu Kahonzi akiwa msichana. Aliona ni uzee tu. Alimletea sukari na unga, akarudi Kilifi.

"Sasa hasahau tu," Kanze aliendelea. "Anatoka asubuhi watu hawajaamka, anakwenda mpaka kwa Phineas. Anasimama mlangoni, anagonga, anaita, 'Jedida! Jedida, nifungulie!'"

Jedida ndilo lililokuwa jina la mama yake Kahonzi. Na pale Phineas alipojenga ndipo ilipokuwa nyumba yao ya zamani, kabla mzee hajaliacha shamba lile baada ya mkewe kufa akahamia upande wa pili. Kwa hiyo mzee alikuwa akienda nyumbani kwake. Kahonzi alikuwa karibu kulisema hilo, lakini Kanze alimshika goti.

"Phineas alikuwa na mtoto wa kike. Mdogo, hata shule hajaanza. Jina lake Jedida."

"Alikuwa?"

"Alishikwa na homa wiki jana. Haikumchukua hata siku mbili. Tumezika juzi."

Kahonzi aliielewa habari yote mara moja.

"Wanasema alimwita," Kanze alisema. "Alimwita kwa jina, siku baada ya siku, mpaka mtoto akaitika. Jana matangani vijana walilitaja lile neno mbele yangu. Mutsai. Wamesema mutsai lazima aondoke, na hawakushusha sauti."

Hakukuwa na haja ya kumweleza zaidi. Mtu wa Kakuyuni anajua kinachompata mzee akishaitwa mchawi. Kahonzi aliwahi kwenda kwenye mazishi ya mzee wa namna hiyo, aliyekutwa shambani kwake asubuhi. Jeneza lilikuja limepigwa misumari na hakuna aliyeruhusiwa kutazama. Waliozika walizika haraka, na waliomuua walikuwamo miongoni mwa waliozika.

"Twende wote," Kahonzi alisema.

Kanze alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yamemjaa. "Nimekuita, Kahonzi. Hilo nimeweza. Mimi naishi hapa."

Baba yake alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, na Kahonzi hakumtambua. Alimwona mwanamume mwenye nywele nyeusi ti, akadhani ni mgeni. Kisha mzee akainua uso, na zile nyusi nyeupe zikamwonyesha ni nani. Nywele zilikuwa zimepakwa rangi. Ilikuwa imechuruzika nyuma ya masikio na kukaukia shingoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na mama yako?"

"Nani amekupaka hizi nywele?"

"Nywele gani?" aliuliza mzee, akajishika kichwa kwa mashaka.

"Nimempaka mimi." Sanga alikuwa ametokea nyuma ya nyumba na dumu la maji. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mvi zinawatia watu maneno. Nilidhani zikiondoka…"

Kahonzi aliutazama mlango. Kulikuwa na kufuli jipya, limening'inia kwa nje.

"Umelala hapa jana, Sanga?"

"Hapana."

"Umelala wapi?"

"Malindi. Kwa rafiki. Mke wangu na watoto nishawapeleka kwao."

"Na baba?"

"Nilimfungia. Asitoke, asiende kule tena."

"Ukamfungia kwa nje ukaondoka. Nyumba ya makuti."

"Wameniambia anayekaa naye ni mmoja naye!" Sanga alipiga kelele, kisha akatazama huku na huku kuona nani amesikia, akashusha sauti. "Wakija na moto, dada, nami niwemo ndani? Nina watoto. Niambie wewe. Uko Kilifi, unakuja na sukari unaondoka. Niambie."

Kahonzi alikuwa amejiandaa kumtukana. Lakini aliona maji ya dumu yakimmwagikia ndugu yake miguuni naye hana habari. Akaingia ndani, akaanza kutia nguo za mzee kwenye gunia.

Shida ilikuwa ni kutoka. Hakuna bodaboda ambayo ingeingia mpaka pale, na njia ya kwenda lami ilipita mbele ya nyumba ya Phineas, ambako watu wa matanga walikuwa bado wamekaa. Sanga alisema kuna kijia cha vichakani, nyuma ya mashamba, watokeze mbali zaidi bila kuonekana.

"Bila kuonekana na nani?" Kahonzi alimwuliza. "Huko wakitukuta, nani atakuwa ameona?"

"Basi tupite wapi?"

"Barabarani. Lakini nitatangulia mimi. Nakwenda kutoa pole."

Sanga alimtazama kama mtu aliyepagawa.

"Mtoto amekufa," Kahonzi alisema. "Mimi ni mtu wa hapa. Nikipita mlangoni kwake na baba yangu bila kusema pole, nimekubali wanayoyasema."

Ukimwuliza leo, atakwambia kwamba maneno hayo aliyasema kijasiri na hapo hapo akaenda nyuma ya nyumba kutapika.

Matanga yalikuwa chini ya turubai. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili juu ya mikeka. Alipoingia, mazungumzo yalikatika kuanzia kwa waliokuwa karibu naye mpaka kwa wa mwisho. Akavua viatu. Akaenda moja kwa moja alikoketi mama wa mtoto, akapiga magoti, akampa pole. Yule mama hakuitikia. Alikuwa ameshika kikombe cha plastiki cha mtoto, cha waridi, anakizungusha zungusha.

Phineas aliinuka akaja. Walikuwa rika moja, wamekua wakichota maji kisima kimoja. Alikuwa amekonda.

"Pole, Phineas."

"Nishapoa."

"Nimekuja kumchukua baba."

"Umechelewa kuja."

"Ni kweli," Kahonzi alisema. "Baba ni mgonjwa, Phineas. Hajui hata huu ni mwaka gani. Hapa kwako ndipo kwetu palipokuwa, unajua. Alikuwa akimwita mama. Mama yangu alikuwa Jedida, na wewe ulimjua."

"Mimi nami nilijiambia hivyo," Phineas alisema. "Siku ya kwanza nilimfungulia, nikamwambia mzee umepotea, nikamrudisha kwa mkono. Siku ya pili, vile vile. Sikusema neno. Halafu mtoto wangu amekufa, Kahonzi. Alikuwa anacheza, akalala, akafa. Sasa unataka mimi niseme nini?"

"Usiseme kitu. Niache tu nimpitishe," Kahonzi alisema.

"Baba mdogo, usizungumze naye!" Ilikuwa sauti ya Tevin, mtoto wa kaka yake Phineas, mwanamume kifua wazi aliyesimama kwenye mlingoti wa turubai na wenzake. "Mzee haendi popote. Aletwe hapa aseme alichofanya."

Mmoja wa wale wenzake aliokota panga lililokuwa chini. Pengine lilikuwa la kuchanjia kuni tu. Moto wa chai ulikuwa pale kando. Kahonzi hakuweza kuondoa macho kwenye lile panga.

Phineas hakugeuka. "Kamlete," alimwambia Kahonzi polepole. "Mpitishe sasa hivi nikiwa nimesimama. Nikikaa chini, sitainuka tena."

Alikwenda akamleta. Alimshika mzee mkono wa kulia, Sanga nyuma na gunia. Mzee alitembea vizuri, hata kwa furaha, akitazama mikorosho. Walipofika mbele ya nyumba ya Phineas, miguu yake ilikunja kona yenyewe kuelekea mlangoni.

"Tumefika," alisema.

"Bado, baba. Twende."

"Tumefika!" Alimponyoka mkono. Kwa umri wake hakuna aliyedhani ana nguvu zile. Alipiga hatua kuelekea mlango ule, watu wote wakiwa wamesimama sasa, akaita kwa sauti yake nzito ya zamani, "Jedida!"

Mama wa mtoto alilia. Ilikuwa sauti ambayo Kahonzi hakuwahi kuisikia tena baadaye isipokuwa ndotoni. Kahonzi alimrukia baba yake akamziba mdomo kwa kiganja. Alihisi midomo yake ikiendelea kusogea chini ya mkono, na pumzi ya moto, na ndevu zikimchoma. Hakuwahi maishani kumshika baba yake hivyo. Vijana walikuwa wanakuja. Alifumba macho.

Alipofumbua, Phineas alikuwa kati yao na vijana, na alikuwa ameshika mkono wa pili wa mzee.

Mzee alimtazama. Kahonzi aliondoa kiganja kidogo kidogo.

"Wewe nani?"

"Mimi Phineas, mzee."

"Phineas. Mwambie Jedida naenda Malindi na hawa. Nitarudi."

Kahonzi alidhani Phineas atampiga.

"Nitamwambia," alisema.

Akatembea nao mpaka lami, kamshika mzee mkono njia nzima. Vijana walifuata nyuma, wakisema maneno. Jiwe moja lilirushwa likapiga gunia mgongoni mwa Sanga, naye akaendelea kutembea bila kugeuka. Kahonzi aliomba rozari bila rozari, akichanganya sala zake, akianza upya kila mara. Barabarani Phineas alisimamisha pikapu iliyobeba mihogo, akamsaidia mzee kupanda.

"Usimrudishe," alimwambia Kahonzi.

"Sitamrudisha."

Hakumpa mkono. Aligeuka akawaendea wale vijana, mikono imenyooshwa pembeni kama mtu anayefukuza ng'ombe.

Ijumaa alfajiri mahujaji walipita barabara kuu wakiimba. Kahonzi aliwasikia akiwa ameketi sakafuni, ameegemea mlango kwa mgongo ili baba asitoke. Mzee alikuwa amesimama mbele yake amevaa koti, anamwomba kwa heshima, kama mtu anavyomwomba mgeni, ampishe.

Daktari wa zahanati, msichana aitwaye Lynn, alimpima na kumwuliza mzee maswali mengi. Akamweleza Kahonzi kwamba ubongo wa baba yake unakufa polepole, kwamba si uzee wa kawaida, wala si mambo ya watu, ni ugonjwa, na hauna dawa ya kuuponya. "Mkae naye tu. Asiachwe peke yake." Kahonzi aliomba aandikiwe hayo kwenye karatasi. Aliiweka kwenye mkoba wake, akatembea nayo kila mahali, ingawa hakujua angemwonyesha nani.

Maisha ya Kibarani yakabadilika. Cherehani ilihamishwa ikawekwa mlangoni. Njoroge alimwogesha mzee asubuhi, akimwita "mzee wangu," wala hakulalamika. Lakini Kahonzi hakulala vizuri. Kila kikundi cha vijana kilichosimama barabarani alikiona kimekuja kwa ajili yao.

Siku moja ya mvua za masika alikwenda kuanua nguo, aliporudi mlango ulikuwa wazi. Alikimbia bila viatu. Kona ya pili aliona watu wamekusanyika kwenye geti la mfanyabiashara mmoja mgeni, Damaris, aliyetoka bara na kuhamia hapo karibuni, na kwa ndani akasikia sauti ya baba yake ikiita lile jina. Kahonzi alipenya katikati ya watu kwa viwiko. Mzee alikuwa ameketi kibarazani, bakuli la uji mapajani.

"Ni babako?" Damaris aliuliza. "Anatafuta mtu anaitwa Jedida. Nimemwambia ametoka kidogo, akunywe uji amngojee."

Kahonzi alishikilia nguzo ya baraza. "Una watoto?" aliuliza.

"Wawili. Kwa nini?"

"Wako wazima?"

Damaris alimshangaa. "Wako shule. Wako sawa."

Kwa wiki nzima baada ya hapo, jioni Kahonzi alitoka akasimama barabarani mpaka awaone watoto wa Damaris wakirudi. Alijiambia anawasalimia tu. Siku aliyogundua anachokifanya, alishtuka sana. Alikuwa anaangalia kama wamekufa.

Lililomtisha zaidi lilikuja baadaye. Mzee alimzoea Hope. Walikaa pamoja wakimenya njugu, Hope akimgeuzia sikio lake zima. Jioni moja mzee alimshika shavu akamwambia, "Jedida, umekonda." Na Hope akacheka, akaitika, "Naam." Asubuhi Hope aliamka na homa kali.

Kahonzi alimbeba mpaka zahanati ingawa mtoto alikuwa mrefu kumfikia begani. Njia nzima alikuwa na hofu mbili zikipigana ndani yake: nadhiri yake imemfikia, au jina limemfikia. Vipimo vilionyesha malaria. Lynn alimpa dawa. Kahonzi alirudi nyumbani akamlaza, akatoka ukumbini akamkuta baba yake anatabasamu kwenye kiti chake, naye akamtazama, na kwa muda mfupi alimtazama kama walivyomtazama watu wa chini ya lile turubai. Alitamani asimkaribie mtoto. Alitamani awe mbali.

Aliingia jikoni akamwambia Njoroge yote.

"Ni malaria, Kahonzi," Njoroge alisema. "Mvua imenyesha, mbu wamejaa. Hata mimi naweza kushikwa."

"Najua ni malaria."

"Sasa?"

"Najua, na bado naogopa."

Hope alipona, akarudi shuleni. Lakini siku hiyo Kahonzi alikuwa amemwelewa Phineas, na kumwelewa kulimtisha kuliko panga.

Mwaka uliofuata Everlyne alileta tena vitambaa. Kahonzi alishona sare za wote, akasema yeye hatakwenda. Siku chache kabla ya hija Sanga akaja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika tangu siku ile, na aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa ofisini. Alisema huko nyumbani mambo yametulia. Watu hawasemi tena. Baba akitaka, anaweza kurudi.

"Phineas anasemaje?"

"Phineas alihama. Walishindwa kukaa pale."

"Na Tevin?"

Sanga alikuna goti. "Tevin yuko."

"Basi hayajatulia," Kahonzi alisema. "Baba harudi."

Sanga hakubisha. Alikaa siku kadhaa. Alimkata baba kucha, akamlisha, akalala sakafuni kando ya kitanda chake. Usiku wa kuamkia Ijumaa akasema, bila kumtazama dada yake, "Kesho nenda ukatembee. Nitakaa naye mimi."

Kahonzi alifikiria kufuli lililoning'inia kwa nje. Lakini alfajiri waimbaji walipokaribia, aliamka akavaa gauni la mwaka uliopita, akatoka na Hope.

Alitembea mpaka Tezo. Jua lilikuwa limechomoza, watu wanaimba, Hope ametangulia na wasichana wenzake. Ghafla Kahonzi akasimama. Hakuna simu iliyolia wala hakuna kilichotokea. Miguu tu ilikataa. Alimwomba Everlyne amwangalie Hope, akamwambia binti yake aendelee mpaka mwisho, akasimamisha bodaboda, akamhimiza dereva aongeze mwendo njia nzima mpaka dereva akamwuliza kama kuna aliyefariki.

Mlango ulikuwa wazi. Sanga na baba walikuwa wamekaa kwenye mkeka, sinia la mihogo na samaki kati yao. Sanga alikuwa anamtolea mzee miiba.

"Mbona umerudi?" Sanga aliuliza.

"Nimeogopa."

"Umeogopa nini?"

Kahonzi aliutazama mlango; haukuwa na kufuli kwa nje. "Sogea," alisema, akanawa mikono, akakaa nao.